Namna ya kuwalipa vijana wa zimamoto wa kujitolea bila kununua moto

Kabla hujaandika kiwango chochote kwenye karatasi, amua unalipia nini. Ukisema "tunalipa kuzima moto" utakuwa umetangaza kwamba moto ni biashara, na kwenye kila kijiji hakosekani mtu mwenye kiberiti na njaa. Mlipe mtu kwa kuitika wito. Mlipe kwa kufika, kwa kubaki pale alipopangwa, kwa kuja mazoezini siku ambayo hakuna hata moshi. Ukubwa wa moto usiingie kwenye hesabu kabisa.

Mimi ni mtunza hazina wa kikundi cha kuzima moto kijijini kwetu, wilaya ya Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Riziki yangu ni duka na uwakala wa miamala ya simu, na nadhani ndiyo sababu nilichaguliwa: wananijua nahesabu mpaka shilingi ya mwisho na sioni haya kumwambia mtu hapana. Kijiji kina mahindi na alizeti kwenye maghala, kina majani makavu kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba, na kina malori ya mafuta yanayopita usiku na mchana. Gari la zimamoto likitoka mjini, dereva awe hodari namna gani, ghala linalowaka haliwezi kulisubiri. Kwa hiyo vijana wetu hutangulia, na swali la kuwalipa likaja lenyewe.

Mkutanoni utakutana na wazee watakaosema kuzima moto ni wajibu wa kila mtu, kwamba enzi zao filimbi ikilia watu walitoka na matawi mabichi na hakuna aliyeuliza posho. Usiwabeze. Wana hoja, na hata ng'ambo wapo wanaofikiri kama wao: kule Chile wazimamoto ni wa kujitolea, desturi iliyoanzia Valparaíso mwaka 1851, na badala ya kulipwa huchangia ada kwenye vikosi vyao. Lakini wazee wetu walizima moto uliokuwa unaelekea mashambani kwao wenyewe. Leo tunamwomba kijana wa bodaboda aache abiria saa za jioni, saa zenye hela, akaokoe ghala la mfanyabiashara ambaye hata jina lake halijui. Mcheza kwao hutunzwa. Tukakubaliana iwe kifuta jasho, si mshahara, na tofauti hiyo ikaandikwa kwenye muhtasari wa mkutano.

Tofauti hiyo wenzetu wameiwekea hesabu. Marekani, ambako wazimamoto wengi ni wa kujitolea, Wizara ya Kazi inatumia kipimo cha asilimia 20: anachopewa wa kujitolea kisizidi sehemu hiyo ya kile ambacho mwajiriwa angelipwa kwa kazi hiyohiyo, la sivyo naye anahesabika mwajiriwa. Kanuni zao zinaruhusu malipo ya kila wito, ila zinakataza malipo yanayopanda kufuatana na kazi iliyotendeka. Uingereza wana utaratibu mwingine. Wale wa kuitwa kwa wito wanalipwa kwa vipande: ada ya mwaka kwa kuwa tayari, malipo ya kuitika, na malipo ya saa za kazi na za mazoezi. Sisi hatuna uwezo wa ada ya mwaka, lakini wazo la kulipia utayari tulilichukua, na ndilo limetusaidia kuliko jingine lolote.

Fedha itoke wapi, na isitoke wapi

Isitoke kwa mwenye nyumba inayoungua. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo wazo la kwanza la kila mtu: "Aliyeokolewa alipe." Ukiliruhusu, mama ambaye jiko lake limeshika pazia atahangaika nalo mwenyewe mpaka moto ufike darini, kwa kuwa anaogopa deni kuliko moto. Dakika hizo ndizo mlizozihitaji. Na vijana nao wataanza kupimana macho mbele ya moto: huyu anazo, yule hana.

Isitoke kwenye faini pia. Mwezi wa kumi watu wanasafisha mashamba, wengine wanachoma, upepo unabadilika na moto unaingia porini. Faini ya sheria ndogo iende serikali ya kijiji. Vijana wakijua faini ni yao, watageuka wawindaji wa majirani, na mrina asali aliyeona moshi wa kwanza hatawaambia kitu.

Njia iliyotufaa ni mchango wa mwaka. Unapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, unajadiliwa, unapigiwa kura na kuandikwa. Bila muhtasari wenye sahihi, mchango wowote unaweza kugeuka kelele za siasa wiki ijayo. Kikundi nacho kiandikishwe. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, atakueleza karatasi zinazotakiwa halmashauri. Na kila anayelipa apate risiti, hata yule mjomba wako anayesema "andika tu, tunaaminiana".

Sisi kila kaya ni shilingi 5,000 kwa mwaka, na tunakusanya Juni hadi Agosti watu wakiwa wamevuna na kuuza. Kudai mchango Februari ni kujichosha, maana mwezi huo watu wananunua unga kwa kilo. Wenye maghala wanatoa 60,000 kwa kila ghala, na kituo cha mafuta 200,000. Mwenye ghala usimwendee na maneno ya sadaka. Mwulize gunia la mahindi leo linauzwa bei gani na ndani ana magunia mangapi, kisha nyamaza, mwache apige hesabu mwenyewe.

Tuseme kaya zinazolipa kweli ni 300, siyo zile zilizoahidi. Hiyo ni 1,500,000. Maghala kumi, 600,000. Kituo cha mafuta, 200,000. Jumla 2,300,000 kwa mwaka. Hapo vijana watapiga makofi, nawe uwakatize mapema: asilimia 40 ni ya vifaa, asilimia 20 ni ya majeruhi, na asilimia 40 inayobaki, yaani 920,000, ndiyo ya kifuta jasho. Ukianza na posho, vifaa havitanunuliwa kamwe.

Kiwango: mfuko uwe na kuta

Kuna njia mbili ambazo watu hukimbilia, na zote zina ugonjwa wake. Ya kwanza ni kuweka kiwango kinono kwa kila wito, tuseme 10,000, bila ukomo. Msimu wa kipupwe upepo wa huku kwetu haupoi, matukio yanafuatana, na kufika Septemba mfuko umekauka. Vijana wanakudai, na mwenye tamaa ameshaona kwamba moto mmoja zaidi ni 10,000 zaidi. Marekani kesi za wazimamoto waliokamatwa kwa kuwasha moto wenyewe si kitu kigeni, na si kila mara hela ndiyo iliyowatuma. Usidhani vijana wako wameumbwa kwa udongo mwingine.

Njia ya pili ni kutenga kiasi kwa kila moto, waliofika wagawane. Inaonekana ya haki mpaka uione ikifanya kazi: wakiwa watatu kila mmoja anapata zaidi kuliko wakiwa kumi, basi aliyepata taarifa kwanza hampigii mwenzake. Watu watatu mbele ya ghala lenye marobota na magunia ni msiba unaosubiri saa yake.

Ninachokushauri ni mfuko wa robo mwaka wenye kiasi kilichopangwa kabla, na ndani yake vipande viwili. Kipande cha kwanza ni nauli na maji, 2,000 kwa kila aliyeitika, inalipwa siku hiyohiyo au kesho yake. Hii inarudisha tu alichotumia: boda, vocha, chupa ya maji. Kipande cha pili ni pointi, zinazolipwa robo ikiisha, kwa kugawa hela iliyobaki kwa jumla ya pointi za wote. Kwa kuwa mfuko hauongezeki, matukio yakizidi thamani ya pointi moja inashuka. Kikundi kizima hakipati shilingi ya ziada kwa moto wa ziada, na vijana wenyewe wanakuwa wakali kwa mwenzao anayetupa kichungi cha sigara kwenye majani. Weka pia ukomo: nauli na maji zisile zaidi ya nusu ya mfuko wa robo. Zikifika hapo zinasimama, yanabaki malipo ya pointi tu.

Robo zisilingane. Ile 920,000 sisi tunaigawa 120,000 kwa Januari hadi Machi, maana mvua zinatusaidia kazi. 160,000 kwa Aprili hadi Juni. 340,000 kwa Julai hadi Septemba. Na 300,000 kwa Oktoba hadi Desemba, wakati watu wanachoma mashamba na mvua bado zinasuasua.

Pointi tunazipanga hivi. Kuitika wito ni 2. Mazoezi ni 2, sawasawa na wito, na hapo ndipo utakapobishiwa sana, shikilia. Siku ya kufyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka maghala na shule ni 3, yaani inazidi wito wenyewe. Zamu ya kuangalia usiku wa upepo ni 1. Ukiangalia vizuri utaona anayetaka pesa nyingi njia yake rahisi ni panga na jembe mwezi wa sita, kabla hakujawaka.

Chukua mfano wa Julai hadi Septemba. Wito saba, wastani wa watu tisa, ni mahudhurio 63. Nauli na maji ni 126,000, hivyo kwenye 340,000 zinabaki 214,000. Pointi za wito 126. Mazoezi matatu ya watu kumi na wawili, 72. Siku mbili za kufyeka za watu kumi, 60. Zamu za usiku 42. Jumla pointi 300. Gawanya 214,000 kwa 300, unapata 713 na chenji. Tunashusha mpaka 710 ili hesabu iwe nyepesi kusomwa mbele ya watu. Kijana mwenye pointi 30 anapokea 21,300. Si hela ya kujengea, lakini anajua imetoka wapi, na mwenzake hawezi kumwambia amependelewa.

Wito ni upi, na nani amehesabika

Hapa ndipo ugomvi wote unapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, kiongozi wa kikosi asipopiga 114 hapati pointi zake za tukio hilo. Simu ni ya bure, inakwenda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na sisi hatupo kuchukua nafasi yao. Tunaangalia kumbukumbu ya simu, saa na dakika, kabla hatujaandika jina lake. Askari wa jeshi wakifika, wao ndio wanaoongoza. Kijana atakayebishana nao mbele ya umati anarudishwa nyumbani na pointi zake zinabaki barabarani.

Pili, taarifa ya uongo inalipwa kamili. Mtu ameona vumbi la ng'ombe akadhani moshi, kikosi kimetoka mbio, kumbe hakuna kitu: nauli na maji, pointi 2, bila mjadala. Ukikata hapa, safari ijayo vijana watasimama mlangoni kwanza wakitafuta mwanga wa moto ndipo wavae buti. Majani ya Julai hayakupi muda huo.

Tatu, si wote wanaotakiwa kwenda. Wanatoka wanane wa zamu na kiongozi wao, wengine wanabaki kijijini na ndoo, mchanga na pampu za mgongoni, kwa sababu upepo hubeba cheche na moto wa pili huanza mahali ambapo hakuna mtu. Waliobaki kwa zamu wanapata pointi 1. Aliyekwenda bila kupangwa hapati kitu, hata kama ameungua nyusi. Naona inaumiza kusikia hivyo, lakini ukimlipa huyo mara moja, kesho una watu thelathini kwenye moshi na hakuna anayejua nani yuko wapi.

Nne, muda. Aliyefika ndani ya nusu saa tangu filimbi amehesabika. Moto wa porini ukilala mpaka asubuhi, yule wa zamu anaongezewa pointi 1 kwa kila saa mbili baada ya saa mbili za kwanza, na hiyo ndiyo nafasi pekee tuliyoruhusu saa kuingia, kwa sababu kukesha milimani si sawa na kumwaga ndoo kumi kwenye jiko la mgahawa. Anayeandika saa za kukesha ni mwenyekiti wa kitongoji, siyo wao wenyewe.

Aliyekuja amelewa hahesabiwi na haingii. Asiyefika miaka 18 haingii. Na asiyevaa vizuri haingii: ukimwona kijana na jezi ya mpira, mrudishe. Nailoni ikipata joto inayeyuka na kugandamana na ngozi. Suruali ya jinzi, shati la kaki la mikono mirefu, buti, basi. Kina mama wa kikundi, ambao kwetu ndio hodari wa zamu za usiku na wa kupanga mnyororo wa ndoo, wanapata pointi zilezile kwa kazi ileile. Mtu mmoja aliuliza kwa nini. Hakuuliza tena.

Lori la mafuta lina kanuni yake peke yake. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, likalipuka. Waliopoteza maisha walipita 100. Barabara ile ndiyo inayopita mbele ya duka langu. Kikundi chetu hakikaribii lori lililomwaga mafuta. Kazi ya vijana ni kuzuia: kamba mbali barabarani, filimbi, kuzima pikipiki, kuwaondoa watu na madumu yao, kupiga 114. Na kazi hiyo inalipwa sawa na wito mwingine wowote, tena tumeiongezea pointi 1. Fikiria kama ungelipa wanaoshika ndoo tu: nani angekubali kushika kamba na kutukanwa na umati? Atakayeonekana ndani ya kamba anapoteza pointi zote za robo nzima. Ndiyo adhabu kali kuliko zote tulizo nazo na sijawahi kusikia mtu akiiombea kupunguzwa.

Wenye punda na mwenye boza wao si wa pointi. Hao ni wauzaji wa maji. Kaa nao mwezi wa tano, mkubaliane bei ya dumu na bei ya safari ya boza, muandikishane. Bei ya maji inayopangwa moto ukiwaka unaijua itakavyokuwa.

Daftari

Nunua kaunta buku la kurasa nyingi lenye jalada gumu, na kurasa zipewe namba kwa kalamu kabla ya kuandika chochote, ili ukurasa ukichanwa uonekane. Kila wito ukurasa wake: tarehe, saa ya taarifa, nani ametoa taarifa, saa ya kupiga 114, mahali, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Chini yake majina, kituo cha kila mmoja, sahihi zao, halafu sahihi ya kiongozi wa kikosi na ya mwenyekiti wa kitongoji kilichohusika. Kiongozi peke yake asitoshe. Ana ndugu zake kikosini kama kila mtu.

Daftari linajazwa pale pale au wakirudi, kabla watu hawajaenda kuoga. Kesho yake kila mmoja anakumbuka alikuwa mbele. Ukurasa usiokuwa na sahihi mbili siulipi, na mimi sina nguvu ya kumjazia mtu hata akiwa mtoto wa dada yangu. Piga na picha ya ukurasa kwa simu, uitume kwenye kundi la WhatsApp la kikosi usiku huohuo. Makosa yanajitokeza mapema, na watu wakiwa bado wana masizi usoni hawadanganyani sana.

Kufikisha pesa mikononi

Ile 2,000 ya nauli na maji ilipwe taslimu kwa kusaini. Nasema hivi nikiwa wakala: kiasi kidogo namna hiyo ukikituma kwa simu pamoja na ya kutolea, makato yanauma, na mwisho wa mwaka umelisha mtandao badala ya vijana. Nina bahasha ya fedha ndogo kwa ajili hiyo, nayo inahesabiwa na mtu mwingine kila mwisho wa mwezi.

Malipo ya robo yapite kwenye simu, kila mtu kwa jina lake, na ya kutolea ndani. Hapo kuna ushahidi wa ujumbe, na kijana hatembei na hela mfukoni mbele ya wadai wake. Ila usiweke fedha ya kikundi kwenye laini ya mtu. Laini inasajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole vya mtu mmoja. Akifariki au akihama, mnabaki kwenye vikao na ndugu zake. Fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, wawili kati yao wakitosha, au tumieni huduma ya vikundi kama M-Koba, ambayo hela haitoki mpaka wenzako waidhinishe. Na kwa kuwa mimi napata kamisheni wanaotoa hela wakija kwangu, tuliandika kwenye kanuni kwamba hakuna anayelazimika kutolea dukani kwangu. Wengi wanakuja hata hivyo, lakini ni kwa sababu nina chenji.

Usicheleweshe. Robo inaisha, Jumamosi ya kwanza watu wanalipwa. Kifuta jasho kidogo kinachofika siku iliyosemwa kinaheshimika; kikubwa kinachosubiri "wiki ijayo" kinavunja kikosi. Kama mchango haujakusanyika, tangaza mapema kwamba mfuko wa robo ijayo utakuwa mdogo. Waambie kiasi. Hawa ni watu wazima.

Akiumia

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unamhusu mfanyakazi mwenye mwajiri. Kijana wako wa kujitolea hayumo, na mkiwa mmeshasema wenyewe kwamba si mwajiriwa hamna pa kugeukia. Ndiyo maana ile asilimia 20 ya majeruhi haiguswi kwa posho, hata mwaka ukiisha bila majeruhi, inalimbikizwa. Tulipoanza tulichukua kwanza bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF iliyoboreshwa, ambayo ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, kwa kila mwanakikosi asiyekuwa na bima. Uliza zahanati ya kwako utaratibu wa sasa ukoje na ulipie kabla ya kipupwe, kadi iwe imeshafanya kazi moto unapoanza.

Aliyeumia kwenye ajali ya barabarani apitie polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kama hali yake inaruhusu. Kama hairuhusu apelekwe hospitali moja kwa moja na mtu mwingine afuatilie fomu. Na kwa muda wote anaouguza jeraha la kazi ya kikundi, anaandikiwa pointi za wito zote zilizotokea, kana kwamba alikuwepo. Kipengele hiki kilipita bila mtu kupinga, hata wale wazee.

Siku ya kusoma hesabu

Wiki moja kabla ya malipo, bandika orodha kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: jina, wito alioitika, mazoezi, zamu, jumla ya pointi. Malalamiko yapokelewe wiki hiyo tu. Atakuja mmoja jioni, ameegesha pikipiki mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mbona pointi zangu ni kumi na nane na za fulani ishirini na nne? Moto wa ghala tulikuwa wote."

Usibishane naye, mfungulie daftari. Ataona mwenyewe kwamba mwenzake alifyeka siku mbili na yeye hakutokea. Mara nyingi ataondoka akiuliza siku ya kufyeka inayofuata ni lini, na hilo ndilo jibu ulilokuwa unalitafuta. Kama ni kweli amerukwa, rekebisha mbele ya kiongozi wa kikosi, saini wote watatu, na ukokotoe upya thamani ya pointi kwa kila mtu, maana pointi yake imetoka kwenye mfuko uleule wa wenzake.

Mtunza hazina naye anapata pointi za mazoezi akihudhuria, na siku ya kulipa anapewa pointi 2 kama wito mmoja. Zaidi ya hapo hapana. Kilichobaki baada ya kushusha hesabu hakigawanywi na hakinunuliwi soda. Ile 1,000 iliyosalia kwenye mfano wangu inaandikwa mstari wa kwanza wa robo inayofuata.